Tupeane uzoefu: mliosomea sheria Tabora na Kigoma, ilikuwaje?

Embe la Isevya: Wakuu, nimemkuta mdogo wangu anakariri ile kesi ya konokono kwenye chupa, Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932. Mimi niliikariri kwa koroboi. Mliopita huko mwageni yenu.

Mgebuka Mkavu: Jinja bia ya mle chupani, kumbe kinywaji cha tangawizi tu! Mpaka namaliza stashahada nilidhani yule mama aliyeinywa alikuwa analewa.

Dada Ujiji: Konokono cha mtoto. Kilichonitoa jasho ni kimombo. Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo kaja mama, mumewe kauza nyumba bila yeye kuridhia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ninacho kichwani, ila kwa Kiingereza. Nikafungua mdomo kikatoka hivyohivyo. Akamgeukia bintiye kwa Kiha: huyu ana homa?

Mzee wa Treni: Hapo umenena.

Kishoka Mstaafu: Yangu msicheke. Niko muhula wa pili, mjomba wa Urambo kagombana na jirani kuhusu mpaka. Nikamwandikia barua ya madai, chini nikajiandika "Wakili". Muhuri nilichongesha stendi. Kumbe jirani ana mtoto wakili wa kuapishwa! Nikaitwa kituoni. Askari kaiweka barua mezani, anataka namba yangu ya uwakili. Nikamtajia namba ya mtihani. Nililala ndani, viatu vikabaki kaunta.

Mgebuka Mkavu: Namba ya mtihani! Nakufa mie.

Embe la Isevya: Muhuri wa mviringo?

Kishoka Mstaafu: Mviringo. Na herufi moja imepinduka.

Sheria Kavu: Chekeni tu, nyie ndio mnatuharibia. Someni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaidizi wa kisheria si wakili, na huduma ni bure.

Dada Ujiji: Yule mama kaniletea dagaa kisado kizima. Nirudishe?

Sheria Kavu: Rudisha.

Mzee wa Treni: Kaanga.

Embe la Isevya: Sasa dogo nimwambieje?

Mgebuka Mkavu: Akariri vifungu.

Dada Ujiji: Asikariri! Akakae mahakama ya mwanzo, asikilize mashauri.

Mzee wa Treni: Apande treni ya Kigoma. Mikataba yote niliimaliza kabla ya Uvinza.

Mgebuka Mkavu: Kishoka, mpaka wa mjomba uliishaje?

Kishoka Mstaafu: Walipatanishwa baraza la kata, wakala mbuzi. Mie bado natafuta viatu.