Mashine ya barafu inazima mchana, stoo imekuwa tanuri. Nitoboe ukuta wapi?

Barafu Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoboa ukuta wa watu.

Nilinunua mashine ya barafu za vipande, mtumba kutoka Dubai, ile inayopozwa kwa feni. Kibao chake kinasema kilo 200 kwa saa 24. Wateja wangu ni wauza juisi, baa tatu, na wikendi kumbi za harusi. Nimeiweka stoo nyuma ya fremu, chumba cha mita 2.2 kwa 2.8, juu silingi bodi halafu bati. Mlango mmoja unaotokea dukani, dirisha hakuna. Ubavuni nimebananisha friza, maana nafasi ndiyo hiyo hiyo.

Usiku inapiga kazi vizuri. Ikifika saa saba mchana, kutoka kudondosha barafu mpaka kudondosha nyingine ni dakika 38. Saa nane inazima yenyewe. Naipumzisha, naiwasha, inaenda kidogo, inazima. Kwa siku sipati hata kilo 110. Wiki iliyopita fundi kaja kaongeza gesi ya kupozea, kachukua elfu 80 yake, ikawa mbaya zaidi. Nimefunga ile feni ya chooni ya inchi 6 juu ya mlango, sijaona tofauti yoyote. Jamaa mmoja ananiambia nifunge AC, mwingine anasema nitoboe dirisha. Fremu ni ya kupanga na mwenye nyumba si mtu wa kuombwa ombwa. Nifanye lipi?

Mnazi Mkinda

Funga AC mkuu, maliza kazi. Umeshanunua mashine ya mamilioni, AC ndiyo ikushinde?

Fundi Baridi Tanga

Mkuu, usimruhusu tena mtu aguse gesi kwa kukisia. Mashine hizi hujazwa kwa mizani, gramu zake zimeandikwa kwenye kibao. Ukizidisha, presha ya upande wa kondensa (ile radiata ya nyuma inayotupa joto) inapanda. Joto la chumba nalo linaipandisha presha hiyo hiyo. Ikifika kikomo, swichi ya presha inakata ili kompresa (pampu inayosukuma gesi) isife. Huko ndiko kuzima kwako. Na ukisoma kibao ukakuta R290, jua hiyo ni propani, inashika moto. Asije mtu na mtungi wa kuchomelea wakati mfumo bado una gesi ndani.

Halafu hizo kilo 200 zisikupe presha na wewe. Watengenezaji wengi huandika kiasi hicho kwa hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Dar ya Februari hewa ya nyuzi 21 utaitoa wapi? Hata ukipanga kila kitu sawasawa, mimi kwa hali yako ningetegemea kilo 140 au 150.

Kabla ya kununua chochote, kesho saa saba funga kipimajoto kwa kamba pale mashine inapovutia hewa, siyo ukutani. Soma mlango ukiwa umefungwa. Kisha acha mlango wazi, sogeza friza, subiri saa nzima, usome tena na uhesabu dakika za mzunguko, kudondosha mpaka kudondosha. Dakika zikishuka sana, ugonjwa ni hewa. Zisiposhuka, rudi hapa tuangalie mengine. Na ukiwa hapo nyuma, mulika kondensa kwa tochi.

Mama Juisi Kinondoni

Mwanangu, mimi nililala na mlango wazi miezi miwili nikidhani nimepata dawa. Nilipata panya kwenye pipa la barafu. Barafu ni chakula, watu wanaitafuna, kwa hiyo hewa iingie lakini ipitie kwenye wavu. Na kama jirani anakaanga chipsi, angalia upepo unatoka wapi. Mafuta yakishika kondensa na vumbi likaja juu yake, hapo hata brashi haitoshi.

Simtanki lako la maji liko wapi? Maji ya moto nayo yanaichosha mashine.

Barafu Mbagala

Shikamoo mama. Simtanki liko juu ya bati, jeusi, jua lote lake.

Majibu ya jaribio: mlango ukifungwa, nyuzi 44 pale inapovuta. Mlango wazi na friza nimeisogeza, nyuzi 34 na nusu, na mzunguko ukashuka kutoka dakika 38 hadi 27. Haikuzima! Kuhusu kondensa nimeona aibu, vumbi limekaa kama blanketi. Nyuma kuna nafasi ya vidole vinne tu kufika ukutani, na ndiko inakopulizia joto.

Kipimo na Hesabu

Basi jibu umelipata: mashine inavuta pumzi yake yenyewe. Ngoja niweke hesabu, maana hapa watu wanashauri feni kwa macho.

Joto linalotoka kwenye maji, jumlisha umeme wote inaokula kompresa, vyote vinaishia humo stoo. Kwa mashine ya saizi yako, na friza pembeni, ni kama kilowati 2.3. Ni sawa na kuacha pasi mbili zimewaka moja kwa moja chumbani, usiku na mchana, ukafunga mlango.

Ukitaka stoo isizidi hewa ya nje kwa zaidi ya nyuzi 5, unahitaji kutoa hewa kama mita za ujazo 1,400 kwa saa. Feni ya chooni ya inchi 6 kwa kawaida inatoa 200 hadi 300. Na hiyo ni ikiwa ina mahali pa kuvuta hewa mpya. Wewe umefunga mlango, feni inazunguka tu. Ungefunga hata kumi, kama hakuna tundu la kuingizia ni kazi bure.

Tafuta feni ya ukutani ya inchi 12, iliyoandikwa si chini ya 1,500 kwa saa. Tundu la kuingizia liwe kubwa kuliko la feni, sentimita 60 kwa 60, kwa sababu wavu na mapezi ya luva (kile kidirisha cha vibao vya mshazari) vinakula nafasi. Tofali za matundu ndiyo kabisa, nusu yake ni saruji.

Kuhusu AC: kilowati 2.3 ni kama BTU 7,850 kwa saa, kile kipimo wanachouzia AC. Ile ndogo ya 9,000 itafanya kazi bila kupumzika, na itakula karibu yuniti 20 za LUKU kila siku, ili kutoa joto ambalo feni ya wati 60 inalitoa. @Mnazi Mkinda bili utamlipia wewe?

Mnazi Mkinda

Nimenyoosha mikono. Lakini hewa ya nje nayo ni nyuzi 32, mnamvutia joto lile lile.

Fundi Baridi Tanga

Nyuzi 32 mashine inazimudu, nyingi zimeundwa zivumilie mpaka 38, nyingine zaidi kidogo. Kinachoiua ni hizo 44. Kungekuwa na joto la 45 nje ningekubaliana na wewe.

Mpangilio sasa. Hewa iingie chini, upande ambao mashine inavutia, itoke juu kwenye ukuta wa pili. Ukiweka tundu na feni ukuta mmoja, hewa itaingia na kugeuza hapo hapo bila kuigusa mashine. Mashine isogee mbele, nyuma iache sentimita 30. Friza itoke humo, nayo ni jiko dogo. Na asikudanganye mtu utoboe silingi utupie joto juu: chini ya bati mchana ni kama oveni, litakurudia.

Kwa kuwa mwenye nyumba ni mgumu, mlango ni wako. Kata nusu ya chini uweke luva na wavu wa mbu. Ukuta utatoboa tundu moja tu la feni, na hilo muahidi kuliziba ukihama.

Kisauni Kwetu

Mombasa hapa. Ndugu, ongeza hili: feni iwashwe pamoja na mashine. Huku stima ikipotea ikarudi, mashine yangu ilikuwa inajiwasha yenyewe lakini feni ilikuwa na swichi ya kubonyeza. Nikaja asubuhi nikapata imezima na pipa limejaa maji. Na kama uko karibu na bahari, tundu lisielekee upepo wa bahari, chumvi inakula mapezi ya kondensa. Mimi napiga brashi kila mwezi, kufuata mapezi yalivyolala, si kukatisha.

Mama Juisi Kinondoni

Na simtanki, msilisahau. Maji yangu ya mchana nilipima nyuzi 36. Mashine inaanza kupoza chai kabla ya kugandisha! Nilijenga kibanda cha makuti juu yake, na bomba nikalifunika.

Kipimo na Hesabu

Mama yuko sahihi kabisa. Kwa maji ya nyuzi 36, karibu theluthi ya kazi yote ni kuyashusha tu mpaka sifuri, ndipo yaanze kuganda.

Barafu Mbagala

Mrejesho baada ya wiki mbili, maana nachukia nyuzi zinazoachwa hewani.

Mwenye nyumba alikubali tundu moja baada ya kupelekewa barafu ya shughuli ya binti yake. Mlango umekatwa, luva na wavu vimewekwa. Feni ya inchi 12 iko ukuta wa nyuma, inatoa kwenye uchochoro, waya wake umeunganishwa na mashine. Friza imehamia dukani. Gesi tuliitoa yote na fundi mwingine akaijaza upya kwa mizani, tukakuta ile ya kwanza ilizidi. Kondensa imesafishwa.

Saa nane mchana stoo inasoma 36, mzunguko dakika 24, haijazima hata mara moja. Jana nimepima kilo 143. Jirani wa uchochoroni alikuja juu siku ya kwanza kwa sababu ya joto, sasa anaanika nguo pale pale. Makuti ya simtanki nimeagiza, yakija nitapima tena niweke hapa.