Jedwali la alama limetuangusha, au tumejiangusha wenyewe?

KatibuMpunga: Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga, Mbarali. Tulitaka mashine ya kukoboa, nikachora jedwali: bei, vipuri, uwezo kwa saa, dizeli, kila kigezo na uzito wake, jumla 100. Wajumbe saba. Mwenyekiti akafungua: "Ile ya kwanza naipa 9." Baada yake nikaandika 8, 9, 9, 8, 9. Wa mwisho ni mama aliyefanya kazi mashineni miaka sita. Daftarini kwake niliona 4. Akaikata kwa penseli, akataja 8. Sasa rola za kukobolea zimekwisha na vipuri mpaka Dar. Hesabu nimerudia mara mbili, ziko sawa. Nimekosea wapi?

Mizani: Pole sana, Katibu. Kosa ni ile 9 ya kwanza. Mwaka 1974 wanasaikolojia Tversky na Kahneman walieleza jaribio lao: gurudumu lenye namba linazungushwa mbele ya watu, halafu wanaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10, kadirio lao la kati lilikuwa 25. Walioangukiwa na 65, 45. Gurudumu tu hilo, sembuse mwenyekiti mnayemheshimu! Mimi nagawa vikaratasi, kila mtu anaandika kimya kabla mdomo wowote haujafunguka.

Bei mliipa uzito gani? Na mashine zilipishana shilingi ngapi?

KatibuMpunga: Bei 50. Zilikuwa milioni 9, 9.1 na 9.2.

Mizani: Basi nusu ya uamuzi mmeiweka kwenye laki mbili! Mliulizana "bei ni muhimu?", na nani angekataa? Mngeulizana hivi: kuokoa laki mbili hizi, au kupata rola Mbeya siku hiyohiyo badala ya kuzingoja zitoke Dar mpunga ukiwa umejaa ghalani, kipi kina faida zaidi kwetu? Uzito unatokana na tofauti iliyopo mezani, ukubwa wa jina la kigezo hauhusiki.

Mkulima_Kyela: Vikaratasi sawa, mkuu, ila mwenyekiti wetu ataona amedharauliwa.

Mizani: Mfuate nyumbani kabla ya kikao, mwombe yeye mwenyewe ndiye avigawe.

KatibuMpunga: Asanteni sana. Jioni hii nimempigia yule mama. Ile 4 ilikuwa ya rola: alikokuwa akifanya kazi waliwahi kuzisubiri siku tisa. Sikuwa nimemuuliza.