Mliotoka kijijini mkaangukia ushuani, tupeane uzoefu

mama wawili: Jana getini kwa jirani nimemkuta binti kashika kibegi, anaogopa kubonyeza kengele, machozi yakanitoka. Mi nilishuka Ubungo 2016 nikitokea Mafinga, moja kwa moja Masaki kwa wakwe. Asubuhi nikampigia goti baba mkwe nimwamkie, wifi akanivuta mkono, "huku hatufanyi hivyo". Tangu hapo sikujua hata mikono niiweke wapi. Nyie mlianzaje?

dada wa Lushoto: Mi kilichonitesa ni ukimya. Ukuta mrefu, nyaya za umeme juu, mwaka mzima jirani humjui jina.

chausiku: Ukimya huo acha tu mwaya

Binti Kitonga: Mmenikumbusha mbali. Mwezi wa pili, ulanzi, kile kinywaji cha mianzi, umekolea kwetu, mama akajaza dumu la lita tano akampa kondakta, mfuniko kaukaza kwelikweli maana safari ndefu, Kitonga, Mikumi, joto la Morogoro, mpaka linafika Oysterbay dumu limevimba kama mpira. Mi kwa furaha nikaliweka mezani sebuleni, wakwe wana wageni, nagusa tu mfuniko PUUU, povu mpaka kwenye pazia, zulia lote, gauni la mgeni. Mama mkwe hakunigombeza, bora angenigombeza. Alimwambia dada wa kazi "toa huo uchafu", ukamwagwa kwenye sinki nimesimama palepale. Jioni mama kapiga, "mwanangu, wakwe wameupenda?" Nikamwambia wameupenda sana mama. Mpaka leo anauliza atume mwingine lini.

mtu wa pwani: Pole, ila pombe sebuleni kwa wakwe kweli?

Mzee wa Makambako: Ulanzi mbichi sio pombe, watoto wanakunywa! Usiongelee usichokijua

mtu wa pwani: Umeshinda kwenye basi na joto lote hilo, ubichi uko wapi?

dada wa Lushoto: Jamani mwenzenu anaumia nyie mnabishania ubichi. Binti mwambie mama ukweli.

chausiku: Asimwambie!! Mama wa watu atalala hajala. Amwite aje mwenyewe akae hapo hapo sebuleni

Mzee wa Makambako: Na mfuniko wasikaze, wachomeke gunzi, upumue.

mama wawili: Mume je, alisema nini?

Binti Kitonga: Mbele ya watu hakusema neno, na hilo liliniuma. Ila usiku nimeamka nikamkuta jikoni gizani anamimina kilichobaki chini ya dumu kwenye kikombe, akanywa, akasema mtamu.