Montreux ina nini? Kila santuri ya zamani imerekodiwa huko

Mpwa_wa_Santuri: Wakuu, habari za jioni. Marehemu mjomba ameniachia santuri za jazi kama arobaini. Nikizigeuza, nyingi nyuma zimeandikwa Montreux. Kufungua ramani nakuta kamji ka kitalii kando ya Ziwa Geneva, Uswisi! New York ningeelewa. Huko walifuata nini?

Mzee_Tarumbeta: Pole kwa msiba, kijana wangu. Kwanza usiuze hata moja.

Mwenye jambo ni Claude Nobs. Alisomea upishi, akaishia ofisi ya utalii ya mji, kazi yake kuvuta wageni. Mwaka 1967, pamoja na Géo Voumard na René Langel, akaanzisha tamasha la jazi la siku 3 tu ndani ya kasino. Charles Lloyd alikuja na saksofoni yake na Keith Jarrett kwenye piano, kijana bado. Leo linachukua zaidi ya wiki mbili kila Julai.

Sasa santuri. Nobs alikuwa na ugonjwa wa kurekodi, na mimi naona hapo ndipo siri ilipo. Msanii alipiga usiku mmoja, kanda ikabaki, santuri ikatoka, na jina la mji likasafiri nayo mpaka kwa mjomba wako. Mwaka 1969 Les McCann na Eddie Harris walipanda jukwaani karibu bila mazoezi, Benny Bailey akiwafuata kwa sikio na tarumbeta lake. Santuri ya usiku ule iliuzwa kwa wingi sana! Kanda za Nobs UNESCO iliziingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2013.

Kinubi77: Mzee, mbona umeruka kisa cha moto?

Mzee_Tarumbeta: Nilikuwa nakuja, una haraka kama mpiga dramu. Tarehe 4 Desemba 1971, Frank Zappa yuko jukwaani, mtu kwenye umati akafyatua fataki darini. Kasino ikateketea, ila hakufa mtu. Bendi ya roki ya Deep Purple walikuwa mjini wakijiandaa kurekodi humo humo, wakautungia ule moshi wimbo wao "Smoke on the Water". Tangazo la bure. Kasino mpya ilifunguliwa 1975, na mwaka 1993 tamasha likahamia ukumbi mkubwa zaidi.

Kinubi77: Na siku hizi wanaleta roki na rap. Jazi imebaki jina.

Mzee_Tarumbeta: Hilo lilianza miaka ya 70, wala halinikoseshi usingizi. Miles Davis, mpiga tarumbeta asiyependa kurudia ya zamani, ni huko huko alikokubali kuyarudia, 8 Julai 1991, Quincy Jones akiongoza bendi. Septemba akafariki.

Mpwa, tafuta ya mpiga piano Bill Evans ya 1968. Ina picha ya ngome majini. Ni Chillon, jirani kabisa na mji.

Mpwa_wa_Santuri: Nimeipata! Ila ina vumbi la miaka. Niisafishe na nini?

Mzee_Tarumbeta: Kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari. Na lebo usiiloweshe, tafadhali.