Benki wameikalia hati ya uwakilishi, nifanyeje?

Kijana_Mbagala: Wakuu, salaam. Baba ana akaunti ya akiba benki moja hapa Posta, kodi ya fremu zake inaingia humo. Anaumwa, hawezi kupanda daladala. Nina hati ya uwakilishi, ya kutenda kwa niaba yake, muhuri wa wakili upo, picha zipo. Benki wanasema iko kwa mwanasheria wao, wiki ya pili sasa kimya. Kuna njia ya kuwabana? Ushauri tu, matusi hapana.

Fundi_Mikataba: Kuwabana hakuna. Isome hati yako kwanza. Nyingi zinarudi kwa sababu zimeandikwa "kusimamia mali zangu zote" basi. Benki inataka kuona tawi, namba ya akaunti na kazi moja moja: kutoa taslimu, kuhamisha, kuchukua stetimenti. Kisichoandikwa hukipati. Ushuru wa stempu umelipwa? Jina nalo lilingane na la kitambulisho cha NIDA na la akaunti. "Saidi" huku, "Said" kule, utaambiwa ulete kiapo cha majina.

Bi_Kashata: Baba mgonjwa, kodi inaingia, mtoto ana haraka. Nimeshamimina kahawa, endeleeni.

Mzee_wa_Baraza: Nenda Temeke, Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia. Beba muhtasari wa kikao cha ukoo.

Fundi_Mikataba: Mzee wangu, hayo ni ya mirathi. Huyu baba yake hajafa.

Kaunta_Namba4: Mara nyingi benki humpigia mwenye akaunti kwa namba iliyo kwenye faili. Simu ya mzee anayo nani?

Kijana_Mbagala: Ninayo mimi. Walipiga, nikapokea. Mzee haongei vizuri.

Kaunta_Namba4: Haongei, au haelewi? Hivyo ni vitu viwili.

Kijana_Mbagala: Kiharusi, tangu mwezi wa tatu. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu baba mdogo. Lakini ninayemuogesha ni mimi, dada zangu wako Mwanza wanapiga simu tu. Kadi na namba ya siri ninavyo, natoa za dawa na nepi. Hati ni ya kuhamishia kwangu kiasi, nipumzike na foleni za ATM.

Fundi_Mikataba: Sasa ndiyo umeuliza swali. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakilishi unakoma aliyeutoa akifa au akipoteza akili timamu. Hata ungekuwa na hati ya mwaka juzi, isingekufikisha popote leo.

Sharubu: Hii chai. Mwanzo hati na picha, sasa mzee hamjui mwanawe. Alisaini kwa mkono gani? Na yuko hai kweli, au matanga yameshaanuliwa?

Kijana_Mbagala: Yuko hai, ndugu. Kulia kumepooza, alitia dole gumba la kushoto. Karatasi niliipeleka mimi kwa wakili.

Sharubu: Bila mzee?

Kijana_Mbagala: Angepandaje ngazi ghorofa ya tatu?

Fundi_Mikataba: Wakili ndiye hushuka. Dole gumba linataka wakili amwone mtu, amsomee kwa lugha anayoijua, aandike kuwa ameelewa. Hiyo karatasi usiitumie tena, inaweza kuwashtakisha wote wawili, wewe na wakili.

Kaunta_Namba4: Sheria hiyohiyo inamruhusu mtu mwenye siku nzuri na mbaya kuingia mkataba siku akili imetulia. Daktari athibitishe kwa maandishi, wakili na afisa wa benki waje nyumbani.

Fundi_Mikataba: Sawa, na keshokutwa akipotea tena, hati inakufa naye akiwa hai. Njia inayosimama ni mahakama: ripoti ya daktari, orodha ya mali, maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Benki itafuata amri. Kwa sasa chukua stetimenti yote tangu mwezi wa tatu, kila hela iliyotoka ibandikie risiti ya duka la dawa.

Kijana_Mbagala: Kiasi kidogo nilishahamisha kwa simu. Ni cha dawa pia. Hivi mahakamani dada zangu wataitwa?

Fundi_Mikataba: Wataitwa. Na wataulizia kadi.