Maveterani wa Mwanza, tupeane uzoefu: mbio na mpira baada ya miaka 45

Mleta mada
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Mabonanza ya maveterani yanajaa wikiendi, Jumatatu watu wanachechemea. Naomba tuweke hapa yanayofanya kazi kweli, kwa vipimo.

Naanza na hili: pumzi hurudi haraka, kano (nyuzi ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa) hazirudi haraka. Wiki nne za mchakamchaka zinatosha mtu kujiona kijana tena, wakati kano ya kisigino inataka miezi kuzoea mzigo mpya. Hapo ndipo wengi wanaumia. Ongeza dakika kidogo kidogo kwa wiki tatu, ya nne punguza kwa theluthi hata kama mwili unaita. Na kabla ya mechi pasha misuli dakika 15 nzima. Kupiga danadana pembeni ya uwanja si kupasha.

Wa Bugando
Marahaba. Milima yetu ni mizuri kwa moyo, shida iko kwenye kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unavutika huku unafanya kazi ya breki, na goti linabeba mzigo mkubwa kuliko kwenye tambarare. Ukishachoka unaanza kutua kwa kisigino, goti limenyooka, na kishindo chote kinaingia kwenye kiungo. Panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea, hatua fupi, goti limekunjwa kidogo. Siku ya kukimbia mfululizo tafuta tambarare.

Kwa wenye maumivu ya kano ya kisigino: simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo. Panda juu kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Usipande kwa mguu huo mbovu. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Maumivu ya kuvumilika si tatizo. Yakizidi kesho yake asubuhi, punguza. Lakini kama panauma pale chini kabisa kano inaposhikana na mfupa, ishia usawa wa ngazi, usipitilize, maana ukishuka zaidi kano inabanwa kwenye mfupa. Wengi wanaacha wiki ya tatu maumivu yakipoa, kisha yanarudi.

Ukisikia "pa!" kama umepigwa teke kwa nyuma na huwezi kusimama kwa vidole, kano imekatika. Hospitali siku hiyohiyo, usikandwe.

Mama Nyegezi
Msisahau chakula, baba zangu. Mwili wa umri huu unajenga msuli kwa shida, kwa hiyo protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mtu wa kilo 70 ni gramu 84. Gramu 100 za mnofu wa sato aliyepikwa zina kama 25, yai moja 6, glasi ya maziwa 8. Igawe milo mitatu, usiirundike usiku. Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao wanatupa kalisi, na sisi wanawake tuliokoma hedhi tunaihitaji sana kwa mifupa. Mwenye jongo asizidishe dagaa. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai, masaa mawili kabla ya mbio, yanatosha.

Na mnaoogelea ziwani baada ya mazoezi: kichocho kinaingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Kujifuta taulo si kinga.

Mhudumu wa afya, Igoma
Naomba sana, acheni kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya mechi. Ukiwa unatoka jasho na maji yamepungua, figo zinategemea kemikali ambazo dawa hiyo inazizuia. Inapandisha presha pia. Tena inaficha maumivu ambayo yangekutoa uwanjani mapema. Kifua kikibana, au maumivu yakipanda kwenye taya au mkono wa kushoto, mechi imeisha hapo hapo.

Wa Kirumba
Dokta, mtu akitumia atenolo kwa presha, apimeje kasi yake? Dawa hiyo inazuia mapigo ya moyo kupanda.

Mhudumu wa afya, Igoma
Swali zuri, kaka. Hesabu ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri inampa mtu wa miaka 60 mapigo ya juu kabisa 166 kwa dakika, lakini mwenye atenolo hafiki huko, na akilazimisha anajiumiza. Atumie mazungumzo: kwenye mbio za kawaida aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Akibaki na neno moja moja, apunguze. Amalizie kwa kutembea dakika 10, asikae chini ghafla, kizunguzungu huja hapo. Na asiruke kidonge siku ya mechi ili apate kasi. Dawa hii ikikatishwa ghafla, mapigo na presha vinaweza kupanda kwa nguvu, na moyo ukapata shambulio.