Nimepigwa dola 4,200 kwa Lee-Enfield feki ya snaipa, tena ikiwa na cheti cha mtaalamu

Wakuu hii ni wiki ya tatu silali vizuri, acha niseme tu. Nipo Ohio huku, nakusanya bunduki za kijeshi za zamani mwaka wa tisa sasa, na bunduki niliyoitafuta kuliko zote ni No.4 Mk I (T), ile Lee-Enfield ya wadunguaji wa Kiingereza ya vita vya pili. Babu yangu alikuwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), alipelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye matope ya masika mpaka mto Chindwin. Hakuwa snaipa, alikuwa askari wa kawaida na Lee-Enfield yake begani, ila hadithi zake ndo zilinitia huu ugonjwa tangu niko mdogo.

Sasa mwezi uliopita kwenye maonesho ya silaha nikakutana na mzee mmoja ana meza yake safi kabisa. Bunduki ya 1943, darubini No.32 juu yake, kibao cha shavu (kile cha juu ya kitako unacholaza shavu ukilenga), herufi T ubavuni kushoto, S51 chini ya kitako, na cheti kimewekwa kwenye plastiki kinasema ni halisi. Nilikaa pale meza karibu saa nzima. Nikalipa.

Kwa wasiojua, hizi bunduki hazikutengenezwa kama snaipa moja kwa moja. Kiwandani, nyingi kule kiwanda cha BSA, Shirley, Uingereza, walipiga shabaha na zile zilizokuwa na mkono mzuri zikawekwa pembeni, zikagongwa alama TR, halafu zikapelekwa Holland & Holland London, haohao wanaotengeneza bunduki za matajiri za kuwindia. Kule fundi anafunga ubavuni vyuma viwili vya kushikia braketi ya darubini, anakaza skrubu na kuzigonga zisilegee, anasaga ile tundu kubwa ya kulengea karibu isigongane na darubini, anaweka kibao cha shavu, halafu anaoanisha darubini MOJA na bunduki MOJA. Namba ya bunduki inagongwa kwenye braketi, namba ya darubini inagongwa juu ya shingo ya kitako. Ni ndoa kabisa ile. Kuanzia 1942 mpaka 1945 wametoa zaidi ya 20,000 kwa namna hiyo, na S51 ndo alama yao.

Nimefika nyumbani, nikasema niisafishe taratibu. Nikachukua bisibisi nikafungua kibao cha shavu. Wakuu, mbao iliyofunikwa miaka 80 haiwezi kuwa na rangi sawa na mbao iliyoshikwa na mikono, ikamwagiwa mafuta na kulala mvuani. Chini ya kibao inatakiwa iwe tofauti, uone mpaka wa kibao ulipokuwa umekaa. Ya kwangu ilikuwa na uchafu uleule, michubuko ileile, kuna mkwaruzo mmoja unaanzia nje unapita chini ya kibao unatokea upande wa pili bila kukatika!! Na matundu ya skrubu ndani yake meupe kama mkate. Hapo mikono ilianza kutetemeka.

Nikapitisha ukucha kwenye ile T. Kingo zake bado zinakwaruza, yaani imegongwa juzi tu. Nikamulika tochi kwenye braketi, pale penye namba kuna kibonde kidogo, yaani namba ya zamani imesagwa ikagongwa mpya inayofanana na bunduki. Na ile tundu ya kulengea ambayo ilitakiwa isagwe wameisaga kweli, ila kwa tupa ya mkono, mistari bado inaonekana!

Kinachoniuma kuliko hela ni hiki. Hawa watu hawakuchukua chuma chakavu. Walichukua No.4 nzima ya askari wa miguu, ya 1943, imepita vita ikabaki salama, wakaitoboa ubavuni matundu ambayo hata ukiyaziba alama haifutiki. Halafu braketi na darubini ni halisi, ina maana ziliwahi kuwa na bunduki yake, na ushahidi wa ndoa hiyo wameufuta kwa mashine. Vitu viwili vya kweli vimeuawa ili kipatikane kimoja cha uongo.

Na huyu anayejiita mtaalamu nimempigia. Ananiambia alitoa cheti kwa kuangalia picha sita alizotumiwa na muuzaji, kalipwa dola 150 basi. Picha! Hujafungua skrubu hata moja, hujaona chini ya kibao, unaandika neno halisi na kutia saini? Muuzaji naye anasema mauzo yakishafanyika yamefanyika, halafu kanikatia simu.

Kuna jamaa anasema mbona hata Mosin za Mrusi watu wanazifunga darubini upya na hakuna anayelia. Si sawa. Mosin nyingi za snaipa, zile za darubini ya PU, jeshi lenyewe lilizitoa darubini baada ya vita, likaziba matundu, zikarudi kwa askari wa kawaida. Mtu akifungua tundu la kiwanda akarudisha darubini na AKAKUAMBIA ameirudisha, hapo umenunua kwa macho yako. Mimi nimeuziwa tundu lililotobolewa gereji naambiwa ni la London.

Kwa hiyo anayetaka kununua, mwambie muuzaji afungue kibao cha shavu mbele yako. Akikataa, ondoka, hata kama roho inakuuma.

Mimi bunduki siiuzi, siwezi kumpelekea mwingine huu msiba. Nimeandika karatasi yenye tarehe na maelezo yote nimeiweka ndani ya kitako, atakayeifungua siku moja ataikuta. Na kwenye kile kibonde cha braketi, ukiinamisha taa, tarakimu mbili za mwisho za namba ya zamani bado zinasomeka, ni 31. Kama kuna mtu ana No.4 T halisi isiyo na braketi na namba yake inaishia 31, anitafute. Nampa braketi bure, nitalipia na posta.